Yale matundu meupe kwenye slaidi

Kama umewahi kukaa kwenye maabara ya patholojia hata wiki moja tu, au ulisoma mambo ya tiba halafu ukaishia njiani kama mimi, lazima unaikumbuka slaidi ya ini lenye mafuta. Seli za pinki, viini vya zambarau, halafu katikati yake matundu meupe ya mviringo, mengine madogo kama yamechomwa na sindano na mengine makubwa mpaka kiini cha seli kimebanwa pembeni kama konda kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni. Mwalimu anakwambia hayo ndo mafuta. Mi nikaandika kwenye daftari "meupe = mafuta" na nikaishi na hiyo imani miaka miwili hivi, mpaka siku mzee mmoja wa maabara aliponicheka, akasema kijana hapo hakuna mafuta, mafuta yaliondoka juzi, unachokiona ni chumba, mpangaji keshahama.

Na ndivyo ilivyo aisee. Kipande cha ini kabla hakijakatwa kinapita kwenye fomalini, kinaenda kwenye alkoholi, kinaenda kwenye zailini, ndo kinazamishwa kwenye nta ya parafini ili kigande kikatike vizuri. Sasa alkoholi na zailini zinafanya kitu kile kile ambacho petroli inafanya kwenye mikono ya fundi gereji, grisi yote inasombwa. Halafu zile rangi mbili za kawaida, hematoksilini na eosini, kazi yake ni kushika viini na protini, na mafuta hata yangekuwepo zisingeyashika. Kwahiyo kwa zaidi ya miaka mia moja ugonjwa wa mafuta kwenye ini watu wameusoma kwa kuhesabu mapengo, na daktari anaposema asilimia fulani ya seli zina mafuta anakadiria kwa macho, na ukimpa mwenzake slaidi ile ile usishangae akaja na namba nyingine.

Njia ya kukwepa hilo ipo, unagandisha kipande kwa baridi badala ya nta, unakata, unapaka rangi inayoitwa Oil Red O, mafuta yanabaki na yanakuwa mekundu. Inafanya kazi. Ila ni ya haraka haraka, vipande vinachanika, na rangi ukiisafisha kidogo sana inaacha uchafu, ukiisafisha sana inatoka na kile ulichotaka kukiona.

Naanzia huku chini kwa makusudi, manake stori za kupiga picha za mafuta kwa mwanga watu wengi wanazianzia juu, kwenye leza na picha nzuri za kijani zinazowaka kama taa za sikukuu. Picha nzuri sawa. Lakini mi naona kilichobadilika ni kitu kingine kabisa, ni kwamba sasa mafuta yanaulizwa yenyewe, pale pale yalipo, bila kuoshwa na bila kupakwa chochote, na mara nyingine majibu yake yanatuambia tulikuwa tunasoma vibaya na tuna uhakika kabisa huku tunasoma vibaya.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mnyoo. Kuna mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja anaitwa C. elegans, mwili wake unaona mpaka ndani kama chupa, na wanasayansi wanampenda kwa sababu hiyo. Mwaka 2003 maabara ya Gary Ruvkun kule Boston ilichapisha kwenye jarida la Nature kazi kubwa sana. Walichanganya rangi inayoitwa Nile Red kwenye chakula cha minyoo, rangi ambayo inajulikana kupenda mafuta, halafu wakazima jeni moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, wakiangalia mnyoo yupi mng'ao umepungua na yupi umeongezeka. Wakapata jeni 305 ambazo ukizizima mafuta yanapungua na 112 ambazo ukizizima mafuta yanaongezeka. Watu walifurahi, unene wa binadamu unasomwa kwenye mnyoo, na miaka iliyofuata maabara kibao zikatumia njia hiyo hiyo, manake ni rahisi, unalisha, unaangalia, umemaliza.

Mwaka 2007 watu wa Gothenburg, Sweden, wakamuangalia mnyoo huyo huyo kwa darubini ya leza isiyohitaji rangi, nitaieleza sasa hivi, na picha zao na zile za Nile Red zikawa hazioani vizuri. Halafu 2009 ikatoka karatasi iliyosema wazi: Nile Red ikiliwa na mnyoo aliye hai inajikusanya kwenye vifuko vya utumbo ambavyo ni ndugu wa lisosomu, yaani jalala la seli, na ghala kuu la mafuta lipo kwenye vifuko vingine kabisa. Na walioiandika hiyo karatasi ni akina nani? Maabara ile ile ya Ruvkun. Hapo ndo navua kofia mimi, kuliko hata kwenye Nobeli aliyopata 2024 kwa kazi nyingine ya microRNA. Sio kwamba zile jeni zote mia nne na kitu zilikuwa uongo, hapana, nyingine zimesimama mpaka leo, lakini ng'aring'ari iliyokuwa inapimwa haikuwa kile watu walichodhani kinapimwa.

Sasa hiyo darubini inafanyaje. Molekuli yoyote ni atomi zilizoshikana na kushikana kwake ni kama springi, inatikisika muda wote, na kila aina ya springi ina mlio wake. Mtu wa sokoni anagonga nanasi au tikiti kwa kidole anajua limeiva, ni hivo hivo, ila hapa unagonga kwa mwanga. Mwanga mwingi unarudi na rangi ile ile uliyokwenda nayo, lakini chembe moja hivi katika milioni kumi inarudi na rangi iliyobadilika kidogo, na kiasi cha kubadilika ndo mlio wa springi. Hiki kitu alikigundua C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan mjini Kolkata, India, mwaka 1928, tena kwa kutumia mwanga wa jua, vichujio vya rangi na macho yao, na Raman akapewa Nobeli ya 1930. Nataja mwanga wa jua kwa sababu maalum, nitarudi hapo.

Mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni na kila kaboni imebeba hidrojeni mbili, moja baada ya nyingine baada ya nyingine, kwahiyo mlio wa kaboni na hidrojeni mbili unasikika kwa nguvu sana. Kwenye kipimo wanachotumia wakemia upo karibu na 2845. Protini wanasikika zaidi karibu na 2930. Ukisikiliza sehemu hizo mbili tu tayari unaweza kuchora ramani, hapa mafuta, hapa nyama.

Shida ni hiyo chembe moja katika milioni kumi. Ukitaka picha nzima nukta kwa nukta utakaa mpaka wali uungue, na kitu kilicho hai hakikusubiri. Ujanja uliokuja ni kama wa kusukuma bembea. Ukisukuma ovyo bembea haiendi popote, ukisukuma kwa mapigo yake inapaa. Wakachukua leza mbili, wakazipanga ili tofauti ya mapigo yao iwe sawa sawa na mlio wa springi unayoitaka, na springi zote za aina hiyo pale leza zinapokutana zikaanza kucheza kwa pamoja na mwanga unaorudi ukaongezeka mara nyingi sana. Njia ya kwanza inaitwa CARS, ilijaribiwa 1982 kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, ikalala, ikafufuliwa 1999. CARS ilikuwa na kelele yake ya nyuma ambayo haiishi hata pasipo na mafuta. Mwaka 2008 kundi la Sunney Xie pale Harvard likaleta nyingine, SRS, isiyo na kelele hiyo, na kwenye karatasi yao ya kwanza kabisa walionyesha mafuta ya omega-3 yakiingia na kukaa ndani ya seli hai.

Omega-3 waliijuaje? Hapa kuna kitu kitamu. Mtu yeyote aliyeishi Dar anajua mafuta ya nazi yakifika mwezi wa saba asubuhi yanaganda kwenye chupa, lakini alizeti ya Singida iko pale pale kimiminika. Tofauti ni kwamba mnyororo wa mafuta ya alizeti una mikunjo, sehemu ambazo kaboni mbili zimeshikana mara mbili, kwahiyo minyororo haipangiki vizuri kama vijiti kwenye kiberiti. Hiyo mikunjo nayo ina mlio wake, na omega-3 ina mikunjo mingi. Kwahiyo mwanga haukuambii tu kuna mafuta, unaweza kukuambia ndani ya tone moja la seli moja kama ni ya kuganda au ya kutiririka. Rangi za kawaida za kupaka hazikupi hilo, Oil Red O kwake samli na alizeti ni kitu kimoja.

Kwenye ubongo ndo mambo yamefika mbali. Nyaya za neva zimevikwa mayelini, na mayelini ukiikausha sehemu kubwa ni mafuta, wakati uvimbe wa saratani una seli nyingi zilizosongamana na mafuta kidogo. Daktari akiwa katikati ya upasuaji anataka kujua alichokikata ni nini, na kwa kawaida kipande kinapelekwa maabara kinagandishwa kinapakwa rangi, dakika 20 mpaka 30, mgonjwa fuvu liko wazi. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi ya Marekani, wagonjwa 278, kipande kibichi kinawekwa chini ya SRS na kompyuta inatoa jibu ndani ya sekunde 150. Ilipatia asilimia 94.6, wanapatholojia kwa njia ya kawaida 93.9. Namba zimekaribiana, kwahiyo usikubali mtu akwambie kompyuta imemshinda daktari. Kilichoshindwa pale ni saa ya ukutani.

Ila kuna kitu kwenye hizo picha kinanichekesha kila nikiziona. Darubini ile haina rangi, inatoa namba mbili tu, mafuta kiasi hiki na protini kiasi hiki. Halafu wanachukua hizo namba wanazipaka kwa kompyuta pinki na zambarau, ili zifanane na slaidi ya hematoksilini na eosini! Yaani tumefika mpaka kuyaona mafuta yenyewe halafu tunayavalisha nguo za zamani ili daktari asishtuke. Naelewa kwa nini, mtu aliyesoma slaidi miaka thelathini huwezi kumbadilishia macho kwa siku moja. Lakini naogopa pia, manake pinki ya kwenye picha hiyo sio eosini, na anayeiangalia atasahau.

Saratani ya tezi dume nayo niiguse, kwa sababu ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume kwenye nchi zetu nyingi. Mwaka 2014 kundi la Ji-Xin Cheng, wakati huo akiwa Purdue, walipiga vipande vya tezi dume vya wagonjwa wakakuta matone ambayo mlio wake haukuwa wa mafuta ya kawaida, ulikuwa wa kolesteroli iliyofungwa na asidi ya mafuta, na yalikuwepo kwenye saratani kali, kwenye tezi ya kawaida hayakuwepo. Wakafuatilia wakakuta yanaendana na kupotea kwa jeni ya breki inayoitwa PTEN. Wakawapa panya dawa ya kuzuia kolesteroli isifungwe hivyo, avasimibe, dawa ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mishipa ya moyo na huko ikafeli, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Kwa panya, nasisitiza kabla hujamforwadia mjomba kwenye grupu la familia. Kwa slaidi ya kawaida hao watu wangeona nini? Matundu meupe, kama wangeyaona kabisa.

Sasa upande wa pili, manake sipendi makala zinazosifia mpaka mwisho kama mshereheshaji kalipwa. Ule mlio wa 2845 hausemi jina. Unasema "hapa kuna kaboni na hidrojeni mbili nyingi", na kama ni tone la akiba au utando wa seli au nta, hiyo ni wewe unaamua kwa umbo na kwa milio mingine ukiwa na muda wa kuisikiliza. Karatasi nyingi zinasikiliza mlio mmoja au miwili halafu zinaandika "lipidi" kwa herufi kubwa. Halafu mwanga wa leza hauingii mbali, sehemu ya milimita tu kwenye tishu nzito, kwahiyo ile ndoto ya kupiga tochi tumboni uone mafuta ya ini kwa darubini ya aina hii sahau. Na bei yake ni ya nyumba, tena nyumba yenye uzio.

Wanaotaka kwenda ndani zaidi wana njia zao. Kuna waya unaopitishwa kwenye mishipa ya moyo wenye mwanga wa infraredi ya karibu, yaani mwanga usioonekana kwa macho, Marekani umeruhusiwa tangu 2008, unachora ukuta wa mshipa kwa njano na nyekundu, na utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha wagonjwa waliopata alama zaidi ya 400 kwenye kipimo cha waya huo ndo waliokuwa kwenye hatari zaidi miaka miwili iliyofuata. Watu wanadhani njano ni wingi wa mafuta. Sio, njano ni kompyuta inasema nina uhakika hapa kuna mafuta, na kuwa na uhakika hakukwambii ni mengi kiasi gani. Na kuna njia ya kupiga mwanga ukasikiliza sauti, tishu inapata joto kidogo inatanuka inatoa mlio, kitu alichokiona Alexander Graham Bell tangu 1880, hiyo inafika mbali zaidi.

Na kuna suala la ngozi. Kile kidude cha kubana kidoleni kupima oksijeni, wakati wa korona kila mtu alikijua, ni kipimo cha mwanga tu. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ukaonyesha kwenye hospitali moja kwamba kati ya wagonjwa weusi ambao kidude kilisema wako salama, asilimia 11.7 damu yao oksijeni ilikuwa imeshuka vibaya, kwa wazungu 3.6. Kidude hicho kilikuwa kinatumika duniani miongo na miongo. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inameza mwanga, na inameza zaidi mwanga mwekundu kuliko ule wa mawimbi marefu ambako mafuta yana alama zake kali, kwenye nanomita 1210 na 1720, kwahiyo kwa mafuta kuna unafuu. Unafuu lakini sio ruhusa ya kulala. Mtu akikuletea kifaa cha kupima mafuta kupitia ngozi, swali la kwanza ni kilijaribiwa kwa nani.

Nilisema nitarudi kwa Raman na mwanga wa jua. Watu wetu wakisikia hii teknolojia wanasema haya ni mambo ya Harvard, sisi tusubiri msaada. Mi naona wamekosea mlango, Raman mwenyewe alianza na jua, vichujio na macho yake, bila leza. Kule Ifakara, Morogoro, kwenye taasisi ya utafiti wa afya, wamekuwa wanatumia mwanga wa infraredi kusoma mbu kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Mbu mzee ndo hatari, kimelea cha malaria kinahitaji siku kumi na zaidi ndani yake kabla hajakuambukiza, lakini mbu wa siku tatu na wa siku kumi na tano kwa macho ni mbu yule yule. Gamba lake lina kitini, protini na nta, na nta ni jamaa wa mafuta, na mchanganyiko wake unabadilika na umri na aina ya mbu. Unamkausha, unamweka kwenye kioo kidogo cha mashine, unapiga infraredi, unapata mstari wa mawimbi, kompyuta iliyofundishwa inakadiria umri na aina. Mwaka 2019 wakatoa kazi ya kutambua mbu kanyonya damu ya nani, na nyingine ya kutafuta malaria kwenye matone makavu ya damu ya watu. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Ni fizikia hiyo hiyo ya springi na milio, ila ndugu wa bei nafuu, na mashine ya namna hiyo sio kitu cha ajabu, idara nyingi za kemia za vyuo vikuu wanayo na siku nyingine imefunikwa kitambaa.

Infraredi hiyo haipendi maji, ndo maana mbu wanakaushwa, na nukta zake ni kubwa huwezi kuona ndani ya seli kama SRS. Sawa. Lakini ini lenye mafuta halihitaji uone ndani ya seli ili ujue yapo kiasi gani na ni ya aina gani. Kipande cha biopsi kikitoka kwa mgonjwa, kabla hakijatumbukizwa kwenye alkoholi, kata ukanda mwembamba mmoja ukiwa umeganda, uukaushe, upeleke jengo la pili kwa watu wa kemia. Kinachobaki kiende kwenye zailini kama kawaida, matundu yatakuwepo tu.